SSD ipi ununue kwa kompyuta ya nyumbani: mwongozo kwa watu wa Unguja na Pemba

Kila skuli zikifungwa naletewa kompyuta. Nyingi ni zile Dell na HP zilizotumika maofisini Ulaya, zikapitia Dubai, zikashushwa bandarini, na leo zimo ukumbini mwa mtu Fuoni, Jang'ombe au Wete. Lalamiko ni moja: ukiiwasha, unapika chai, unakunywa, ndio kwanza inaonesha saa. Mwenyewe keshaamua kuwa imezeeka na anataka kununua nyingine. Nikiifungua nakuta prosesa nzima, RAM ya kutosha, ila ndani mna hadi diski (hard disk) ya kuzunguka ya miaka kumi iliyopita. Itoe hiyo, tia SSD, yaani diski inayoweka mafaili kwenye chipu, na mashine ileile itawaka chini ya nusu dakika. Naomba mjaribu hilo kabla ya kutupa kompyuta nzima.

Sababu yake haina uchawi. Hadi diski ina sahani zinazozunguka na mkono unaokwenda na kurudi kutafuta mahali faili lilipo. Kila faili dogo linangoja mkono ufike na sahani izunguke, na hapo zinapita milisekunde kumi na zaidi. SSD haina kinachozunguka, hujibu kwa muda usiofika hata sehemu ya kumi ya milisekunde moja. Windows ikiwaka husoma maelfu ya mafaili madogo, kwa hiyo kilichokuwa kinakuchosha ni kule kungoja. Ukishatoka kwenye sahani ukaingia kwenye SSD yoyote ya kweli, umeshapata sehemu kubwa ya faida. Tofauti iliyobaki baina ya SSD moja na nyingine, kwa kazi za nyumbani, ni ndogo kuliko wauzaji wanavyosema. Basi pesa yako iweke kwenye mambo matatu: iwe halisi, iingie kwenye mashine yako, na iwe na nafasi ya kutosha.

Tazama tundu kabla hujauliza bei

Kompyuta za mezani kama Dell OptiPlex 9020, au OptiPlex 7010 ile ya mwaka 2012, zinataka SSD ya inchi 2.5 inayotumia SATA, ile njia ya zamani ya kuunganisha diski na kompyuta. Ni kijisanduku bapa chembamba, na nyaya zake ni zilezile za hadi diski ya zamani. Laptop za miaka ya karibuni nyingi zina tundu la M.2, na SSD yake ni kikadi chembamba kama kipande cha bazoka.

Hapo kwenye M.2 ndipo watu wanapopoteza pesa. M.2 ni umbo tu. Ndani ya umbo hilo kuna SATA na kuna NVMe, njia mpya yenye kasi zaidi, na tundu la moja huenda lisiikubali nyingine. Kikadi chenye mapengo mawili kwenye meno yake aghalabu ni SATA, chenye pengo moja aghalabu ni NVMe. Lakini usitegemee macho peke yake. Fungua kifuniko, piga picha ya tundu na ya kibandiko chenye jina la mashine, nenda nazo Darajani au Michenzani, na ukiwa Pemba nenda nazo Chake. Fundi mwenye kujua kazi yake atakuuliza jina la mashine kabla ya kukutajia bei.

Utaambiwa pia kuwa kuna kadi ya kutilia NVMe kwenye kompyuta kongwe ya mezani. Kadi hiyo ipo na inafanya kazi, lakini mazabodi (bodi kuu za kompyuta) nyingi za kabla ya 2014 haziwezi kuwasha Windows kutoka kwenye NVMe. Utaiona diski, ila kompyuta haitawaka kutokea hapo, na wewe SSD uliitakia kuwashia.

Ukubwa

Usinunue chini ya GB 240. Kwa nyumba ambayo watoto wanasoma na mama anaweka picha, mimi nasema GB 500. Gawa bei kwa gigabaiti utaona mwenyewe: tuseme ya 256 umetajiwa shilingi 70,000 na ya 512 ni 110,000. Ya kwanza kila gigabaiti inakujia kwa shilingi 273, ya pili 215. Tena SSD iliyojaa mpaka mdomoni hupunguza mwendo, kwa hiyo acha kama sehemu ya tano iwe wazi. Na Windows ikikuonesha 476 kwenye diski ya 512, au 931 kwenye ya TB 1, hukuibiwa. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

Mpango wangu, kuanzia aula

Ya kwanza, kwa mashine nyingi zilizomo majumbani mwetu, ni SATA ya inchi 2.5 yenye chembe (vijumba vinavyohifadhi data) za TLC na DRAM yake mwenyewe: Samsung 870 EVO au Crucial MX500. TLC maana yake kila chembe inabeba biti tatu. DRAM ni kumbukumbu ndogo ambamo diski inaweka ramani ya kila kitu kilipo, na ndiyo inayoifanya isitaabike ukifanya kazi tatu kwa pamoja. Zote mbili zinasoma kama megabaiti 560 kwa sekunde, na huo ndio mwisho wa njia ya SATA. Hakuna SATA itakayokupa zaidi, hata boksi liandikwe nini. Zote zina dhamana ya miaka mitano ya kiwanda. Bei yake iko juu kidogo, na mimi naona inastahili.

Ya pili ni NVMe ya kawaida: WD Blue SN570 au SN580, kisha Kingston NV2. Ikiwa mashine yako ina tundu lake, kwako hii inapanda kuwa ya kwanza, kwani mara nyingi bei hazipishani sana. SN570 inafika megabaiti 3,500 kwa sekunde, SN580 inafika 4,150. Hazina DRAM, lakini NVMe inaweza kuazima kipande kidogo cha RAM ya kompyuta, kwa hiyo upungufu huo hauonekani sana. NV2 nimeishusha kwa sababu Kingston hubadilisha chembe za ndani bila kubadilisha jina. Ya rafiki yako inaweza kuwa nyingine kabisa na yako.

Ya tatu ni Kingston A400 na Crucial BX500. Hizi ni za mwenye pesa kidogo, na sioni haya kumshauri mtu azichukue. Hazina DRAM, na ukinakili mafaili makubwa zinapunguza mwendo. Ila kwa kazi za skuli, hesabu za duka na YouTube, zinatosha. Watu wanaogopa kuwa zitakufa upesi. A400 ya GB 240 kiwanda kinaihesabia kuandikwa terabaiti 80. Ukiandika GB 20 kila siku, na nyumba nyingi haziandiki hata nusu yake, ni siku 4,000, karibu miaka kumi na moja.

Ya nne ni zile za QLC, biti nne kwa chembe, kama Samsung 870 QVO na Crucial P3. Zina sehemu ya haraka mwanzoni, ikijaa mwendo unaanguka. Samsung wenyewe wanaandika kuwa 870 QVO ya TB 1 inashuka hadi megabaiti 80 kwa sekunde, chini ya hadi diski nyingi. Nzuri kwa kuweka filamu na mawaidha unayoyasikiliza mara kwa mara. Si nzuri kwa mtu anayehariri video za harusi.

Ya mwisho ni zile za kasi kubwa, kama Samsung 990 Pro yenye megabaiti 7,450 kwa sekunde. Ni diski bora, lakini ukifungua Word hutaiona tofauti, na zikipewa kazi nzito hupata moto. Kaskazi ya Februari kwenye chumba kisicho na feni haiongezi raha. Pesa utakayookoa hapo kanunulie UPS, betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika.

Zisizo na nafasi kabisa kwenye mpango wangu

Nilinunua SSD ya nje iliyoandikwa TB 2 kwa bei iliyonifurahisha. Nikanakili humo video za harusi ya binti wa dada yangu. Majina ya mafaili yote yalionekana, na ukubwa wake ulikuwa sawasawa. Baada ya wiki tulipokaa kutazama, za mwanzo zilifunguka, nyingine zote hazikufunguka, na kwenye kamera zilishafutwa. Nilipoibandua kasha nikakuta kikadi cha memori kama cha simu, kimegandishwa kwa gundi. Kimefundishwa kuiambia kompyuta kuwa kina TB 2, kikijaa kinaandika juu ya kilichoandikwa. Dada yangu hakunilaumu kwa neno hata moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kwa hiyo, kila diski mpya, kabla ya kuitia kitu cha maana, ipitishe kwenye H2testw. Ni programu ya bure, inaijaza diski nzima kisha inasoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Inachukua muda, iache usiku. Nyingine ni CrystalDiskInfo, inayoonesha saa ambazo diski imewashwa. Ukiuziwa mpya ukakuta saa elfu tisa, irudishe. Muulize muuzaji kabla ya kulipa: nikikuta si halisi, nairudisha ndani ya siku ngapi? Iandikwe kwenye risiti. Mwenye duka la kweli hatakasirika.

Umeme na picha za zamani

Umeme wetu unavuka bahari, wa Unguja unaingilia Fumba na wa Pemba unatoka Tanga, na kila mtu anajua unavyoweza kuondoka ghafla na kurudi kwa kishindo. SSD nyingi za nyumbani hazina akiba ya umeme ndani. Umeme ukikatika diski inapoandika ramani yake, unaweza kupoteza mafaili, na mara chache diski nzima. Laptop ina betri yake. Kompyuta ya mezani inahitaji UPS, hata ndogo ya kukupa dakika tano za kuzima kwa utaratibu.

Na ile hadi diski uliyoitoa usiitupe. Kama bado nzima, itie kwenye kasha la USB, weka humo nakala ya picha, na uifungie kwenye mkebe pamoja na vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, kwani hewa yetu ya chumvi inakula shaba. Kwa kuweka vitu kabatini miaka, sahani inaaminika kuliko SSD, ambayo ikikaa muda mrefu bila umeme, khasa penye joto, huanza kusahau. Iwashe mara moja kila baada ya miezi michache, fungua picha mbili tatu, kisha uirudishe mkebeni.