Treni yangu ya bustanini baada ya miaka mitatu: uzoefu wangu

Nilinunua seti ya kuanzia ya treni ndogo ya bustanini miaka mitatu iliyopita, nikivutwa na ahadi iliyochapishwa kwenye boksi kwamba ndani ya nusu saa treni ingekuwa inazunguka kati ya maua. Ahadi hiyo ilitimia, kwani nusu saa ilitosha kabisa. Jambo ambalo boksi halikulitaja ni hali ya njia hiyo baada ya mvua ya kwanza kubwa, na ndilo litakalochukua sehemu kubwa ya maelezo yangu.

Ndani ya boksi mlikuwa na kichwa cha treni cha umbo la mvuke kinachoendeshwa kwa umeme, mabehewa mawili, vipande 12 vya reli za kona vinavyokamilisha duara lenye kipenyo cha mita 1.2, transfoma, na kidhibiti mwendo. Nafasi kati ya reli mbili ni milimita 45. Hicho ni kipimo cha zamani ambacho kampuni ya Lehmann ya Nürnberg, Ujerumani, ilikichukua mwaka 1968 ilipotoa treni zake za LGB kwa uwiano wa 1:22.5, yaani ndogo mara 22.5 kuliko treni halisi, na ukizidisha 45 kwa 22.5 utaona kwamba reli hizo zinawakilisha njia halisi ya upana wa mita moja. Kwa mnunuzi hii ni habari njema, kwa sababu watengenezaji wengi hutumia upana huohuo na vyombo vyao hupita kwenye reli za wenzao. Hata hivyo, upana wa reli kuwa mmoja hakumaanishi kwamba uwiano ni mmoja. Behewa nililoongeza baadaye lilikuwa la uwiano wa 1:32, na lilipofungwa nyuma ya kichwa changu lilionekana kama mtoto aliyeshikwa mkono na mjomba wake. Soma uwiano kabla ya kulipa.

Kichwa cha treni chenyewe sina neno baya juu yake. Gia zake ni imara, gurudumu moja limevishwa mpira ili lisiteleze, na katika miaka mitatu nimekifungua mara mbili tu kukipaka grisi na kuondoa nywele na nyuzi zilizojiviringisha kwenye ekseli. Mataruma ya plastiki, yaani vipande vya kukingama ambavyo reli hulalia, nayo yamevumilia jua bila kupasuka, ingawa weusi wake umefifia na kuwa kijivu.

Tatizo langu lilianza nilipotaka njia ndefu. Nilinunua vipande vingi vya sentimita 30 hadi nikapata mzunguko wa mita 28, bila kufikiri kwamba kila kipande kipya huleta maungio mawili, moja kwa kila reli. Hesabu yake ni zaidi ya maungio 180, na umeme unaoendesha treni hupita katika kila moja. Viungio vilivyokuja na seti ni vibati vyembamba vinavyoshika kwa kubana tu. Maji yakiingia ndani yake, shaba ya manjano hufanya utando mweusi, na umeme hupungua kidogo hapa na kidogo pale. Jioni moja nilichuchumaa kwenye majani mabichi nikiwa na mita ya umeme, treni ikiwa inatembea: karibu na transfoma nilipata volti 18, na upande wa mbali kabisa nikapata 11. Ndiyo maana treni ilikuwa ikiondoka kwa kishindo na kufika nyuma ya bustani ikijikokota.

Nilisugua reli kwa msasa laini, nikapaka grisi ya kupitisha umeme ndani ya viungio, nikaongeza waya za kulisha umeme sehemu tatu za mzunguko. Hali ilitengemaa kwa wiki chache tu. Dawa ya kweli ilikuwa kuondoa vipande vifupi na kuweka reli za mita 1.5, nikazikunja mwenyewe kwa kifaa chenye roda tatu, na kuziunganisha kwa vibanio vya skrubu. Maungio yalishuka hadi chini ya 40. Kama ningeanza upya, ningenunua seti kwa ajili ya kichwa na mabehewa, kisha reli ndefu tangu siku ya kwanza.

Vibanio vya skrubu vina sharti lake, kwani huzifunga reli kuwa kama kipande kimoja kirefu. Shaba ya manjano hutanuka inapopata joto, na reli ya mita 10 ikipanda nyuzi 40 za joto huongezeka kwa takriban milimita 7.6. Niliwahi kuzika mataruma ya sehemu moja kwenye zege nikidhani ninaipa njia uthabiti, na mchana wa jua kali reli ilijipinda upande kama nyoka, mataruma mawili yakang'oka. Tangu hapo njia yangu haikufungwa mahali popote. Imelala tu juu ya kokoto, na inapotanuka kona husogea kwa milimita chache bila madhara.

Kuhusu kokoto, usidanganyike na zile za mviringo zinazopendeza machoni, kwani huviringika chini ya taruma na kona yako huhama kila wiki. Zinazofaa ni ndogo, zilizopondwa, zenye pembe, zikichanganywa na vumbi la mawe ili zishikane. Nilichimba mfereji wa kina cha sentimita 15, nikatandika kitambaa cha kuzuia magugu, nikajaza kokoto na kuzishindilia, kisha nikapima kwa pimamaji kwa urefu na kwa upana. Kipimo cha upana ndicho wengi hukiruka, nami nilikiruka. Reli moja ikiwa chini ya mwenzake hata kwa milimita tatu kwenye kona, behewa jepesi huacha njia, na utamlaumu mtengenezaji bure. Kwa mwinuko, sentimita 2 kwa kila mita hupandika bila taabu. Nilipojaribu sentimita 4 mahali palipokuwa pia na kona, magurudumu yalizunguka papo hapo na mpira wa lile gurudumu moja ukalika upesi.

Mwaka jana nilichoka na msasa, nikahamia kwenye betri. Seli nne za lithiamu zilizounganishwa mfululizo, jumla ya volti 14.8, zimekaa ndani ya behewa la kwanza, na mwendo ninauongoza kwa rimoti ya redio. Kazi ilikuwa kukata waya zinazochukua umeme kutoka kwenye magurudumu, kuweka kipokezi cha redio, na kuhakikisha pakiti ina saketi ya kuzuia chaji kupita kiasi. Ninachaji nikiwepo, kivulini, kamwe si ndani ya behewa. Chaji moja hunipa karibu saa mbili za mwendo. Faida ambayo sikuitarajia ni kwamba sasa naweza kuwa na kitanzi cha kugeuzia treni, kitu ambacho kwenye reli zenye umeme huigusanisha reli ya kulia na ya kushoto na kuleta shoti usipoweka saketi maalumu.

Usafi haujaisha, umebadilika sura. Kila wikendi napitisha brashi ngumu kuondoa majani na konokono, nachomoa mizizi inayotafuta njia chini ya kokoto, na kuangalia swichi za reli, yaani sehemu za kubadilishia njia, maana punje moja ya kokoto ikikaa kwenye ulimi wa swichi hutosha kuangusha treni nzima. Nyumba ya stesheni niliyonunua kando ilivamiwa na sisimizi, nao sijawashinda.

Seti naipa nyota nne kwa kichwa na mabehewa, na moja kwa viungio. Transfoma iko kabatini, na ile duara ya reli 12 nimeizungushia chungu cha maua, ambapo haihitaji umeme.