Tahadhari: sefu za bunduki za "milimita 5" zinazouzwa mtandaoni Nairobi ni bati tupu

Ndugu zetu mlio na leseni ya silaha, na nyinyi mnaoingoja: kuna tangazo linalozunguka Facebook, TikTok na magrupu ya WhatsApp hapa Nairobi, la sefu ya bastola na kabati la bunduki ndefu. Jina la duka hubadilika, maneno hayabadiliki. Chuma cha milimita 5, haipenyi moto kwa saa nzima, inafunguka kwa alama ya kidole, "imeidhinishwa", bei ya kutupa, na unaletewa bure popote Nairobi. Msinunue. Kinacholetwa ni kisanduku cha bati cha kuwekea mauzo ya duka, kimebandikwa stika yenye picha ya bastola.

Lakini pesa ndiyo hasara ndogo. Kabla hujalipa, muuzaji huyu huomba mambo matatu: picha ya leseni yako, aina ya silaha, na lokesheni kamili ya nyumba "ili fundi ajipange". Hakuna hata moja analolihitaji. Sefu huuzwa kwa vipimo vya ndani: urefu, upana, kina. Mteja akishasema anataka sm 30 kwa 20 kwa 20, kazi ya muuzaji imekwisha. Ukimpa hayo matatu, mtu usiyemjua amepata orodha: nyumba fulani Syokimau au Ruaka ina bastola, sefu imefungwa chumba fulani, na kasha lenyewe ni lile ambalo ufunguo wake wa akiba anaweza kuwa nao mfukoni. Fundi anayekuja naye kufunga huona mlango, dirisha na kabati la nguo. Hilo ndilo la kuogopa kuliko zile shilingi.

Neno "imeidhinishwa" nalo lisikutulize. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mwenye leseni ahifadhi silaha yake mahali salama, na wajibu huo ni wako, si wa aliyekuuzia sanduku. Stika yenye nembo ya taifa au jina la Bodi ya Leseni za Silaha haiwi ithibati kwa kuwa imebandikwa mlangoni. Masharti ya uhifadhi yaulizwe katika ofisi inayoshughulikia leseni yako, ana kwa ana, kabla hujatoa hata shilingi ya kwanza.

Sasa tuje kwenye unene, maana uongo huu unapimika. Mita moja ya mraba ya chuma chenye unene wa milimita 1 ina uzito wa kilo 7.85. Chukua sefu ya bastola ya sm 35 kwa 25 kwa 25. Pande zake zote sita zikijumlishwa ni mita za mraba 0.475. Kama kweli ni milimita 5 kila upande, kasha tupu bila kitasa lingekuwa zaidi ya kilo 18. La milimita 3 ni kama kilo 11. La milimita 1 halifiki kilo 4. Beba sefu hadi duka lolote la nafaka lenye mizani. Ikisoma kilo 4 na nusu pamoja na kitasa, betri na kile kizulia cha ndani, umepata jibu lako. Kabati la bunduki ndefu la sm 130 kwa 30 kwa 25 lina mita za mraba 1.58, kwa hiyo la milimita 3 lina kilo 37 za chuma peke yake. Kijana wa boda akipanda nalo ngazi hadi ghorofa ya nne huku anaongea na simu, hilo si la milimita 3.

Kuna wanaojua kwamba mteja atapima, nao huweka kuta mbili za bati jembamba na kujaza katikati jasi au mchanga. Uzito unapanda, nguvu haipandi. Kwa hiyo usiishie kwenye mizani. Geuza sefu uangalie matobo ya bolti yaliyo mgongoni na chini. Ukingo wa tobo ndio mahali pekee ambapo unene wa chuma hauwezi kufichwa na rangi. Ingiza kalipa hapo, yaani kile kifaa cha kupimia unene. Kama huna, kalipa ya plastiki haina gharama kubwa, na maduka ya vifaa vya ufundi Kirinyaga Road huwa nayo. Muuzaji akikataa usipime, ondoka.

Mlango ndio wenye ujanja mkubwa zaidi. Tangazo litasema "mlango wa milimita 50". Kweli, ukitazama ukingo wake unaona milimita 50, lakini hiyo ni karatasi ya bati la milimita 1.5 iliyokunjwa pembeni kama sufuria ya kuokea mikate, na ndani ni hewa. Makomeo nayo yanang'aa, manene kama kidole gumba, sita kwa hesabu. Fungua kifuniko cha ndani cha mlango, skrubu nne tu. Utakuta matatu hayasogei kabisa, na yanayosogea yameshikwa na ubapa mwembamba unaopindika kwa mkono. Komeo lina nguvu sawa na kile kinacholishika, si zaidi.

Kuhusu vyeti: muuzaji akikuonyesha alama ya UL, shirika la Marekani linalopima usalama wa bidhaa, muulize ni ya nini. Mara nyingi ni ya kitasa peke yake. Kitasa kinaweza kuwa na cheti halali na kikafungwa kwenye bati la maandazi. Alama ya CE haisemi lolote kuhusu wizi. Sefu iliyopimwa kweli dhidi ya kuvunjwa huwa na kibati kilichogongwa ribiti ndani ya mlango, kikitaja kiwango na nambari ya sefu: EN 14450 daraja la S1 au S2 kwa zile za Ulaya, au RSC ya UL, daraja la sefu za nyumbani, kwa zile za Marekani. Na hata RSC ya ngazi ya kwanza maana yake ni kwamba mtu mmoja mwenye zana za mkono alishindwa kuifungua kwa dakika 5. Dakika 5, na hiyo ni sefu nzuri. Sasa fikiria hii yetu. Kuhusu saa moja ya moto, kama hakuna jina la kipimo na halijoto yake, hayo ni maneno ya kwenye katoni.

Kitasa cha nambari kwenye masanduku haya huzuiwa na solenoidi, yaani kipini kidogo kinachosukumwa na springi nyepesi na kuvutwa na umeme wa betri. Ukigonga juu ya sefu kwa nguvu huku umekaza kishikio, kipini huruka kwa mtikisiko na kishikio huzunguka bila nambari yoyote. Jaribu dukani: acha mlango wazi, toa makomeo nje kama sefu iliyofungwa, kaza kishikio, kisha piga juu kwa ngumi mara kumi. Makomeo yakirudi ndani hata mara moja, hiyo haifai kuwekewa hata cheti cha kuzaliwa. Kitasa cha mota hakina udhaifu huo, kwa kuwa mota husukuma kizuizi kwa gia na gia haitikisiki ikaachia.

Kitufe cha kubadilisha nambari kiko upande wa ndani wa mlango, karibu na bawaba. Usiache tobo la bolti likiwa wazi mgongoni, maana linatazamana na kitufe hicho na waya mrefu hukifikia. Halafu kuna ufunguo wa dharura uliofichwa nyuma ya plastiki yenye nembo. Omba ufunguo wa sefu nyingine ya aina hiyo hiyo pale dukani, uutie kwenye yako. Tafadhali msiruke jaribio hili. Ukifungua, basi kila aliyenunua sanduku hilo mjini ana ufunguo wa sefu yako.

Kidole ni hatari zaidi kwa wenye watoto. Marekani, Oktoba 2023, sefu za bunduki za kidole zipatazo 61,000 za chapa moja ziliitwa zirudishwe baada ya kubainika kwamba ziliweza kufunguliwa na mtu ambaye kidole chake hakikusajiliwa, na kesi iliyofunguliwa ilidai kwamba mtoto wa miaka 12 alikufa kwa bunduki iliyotolewa kwenye mojawapo ya sefu hizo. Kwa hiyo ukiwa na sefu ya kidole, sajili chako, kisha watu watatu wasiosajiliwa wajaribu vidole vyote kumi, kila kimoja zaidi ya mara moja. Ikimfungulia yeyote, ondoa silaha humo siku hiyo hiyo. Usijipe wiki.

Mwenye bajeti ndogo afanye nini? Kwa maoni yetu, fundi mzuri wa jua kali Kamukunji au Kariobangi Light Industries atakupa sanduku gumu kuliko lolote la kwenye tangazo, ukijua cha kumwagiza. Kasha la chuma cha milimita 3, mlango wa bamba zima la milimita 6, si la kukunjwa. Mlango ukae ndani ya fremu, usipite juu yake, na mwanya usizidi milimita 2 kuzunguka, ili mtaimbo ukose pa kuingia. Pembe zichomelewe mfululizo kutoka mwisho hadi mwisho; fundi hupenda kushika kwa nukta nukta kisha kupaka filla na rangi, nawe usione. Kwa hiyo kagua kabla ya rangi, na umwambie mapema kwamba utakuja kukagua. Upande wa bawaba kuwe na ubapa wa chuma unaoingia nyuma ya fremu, ili bawaba zikikatwa mlango usitoke. Makomeo ya chuma kizima, milimita 16 kwenda juu, yakishikwa na ubapa wa milimita 6. Matobo manne ya bolti, mawili chini na mawili mgongoni.

Kitasa usimwachie fundi. Nunua mwenyewe kitasa cha ufunguo cha liva 7 au zaidi (liva ni vibati vya ndani ambavyo ufunguo huvinyanyua) kwa muuzaji wa vitasa mwenye duka la kudumu na risiti, mpe fundi vipimo akate nafasi na matobo, kisha ukifunge nyumbani kwa mkono wako. Hivyo fundi hajawahi kushika ufunguo. Na mwambie ni sanduku la hati. Silaha isitajwe, vipimo vinatosha.

Kufunga nako kuna makosa yake. Vile vidaueli vya plastiki, yaani plagi za skrubu, vinavyokuja na katoni vitupeni. Ni vya kushikia picha ukutani. Sefu ya kilo 12 isiyofungwa hubebwa na mtu mmoja, ikafunguliwe kwingine kwa starehe. Tumia rawbolt ya chuma ya M10 (bolti ya milimita 10), na ile yenye ganda hutaka tobo la milimita 16, si 10, hapo ndipo wengi huharibu ukuta. Ukuta wa mawe ya Ndarugo hushika vizuri ukitoboa katikati ya jiwe, si kwenye saruji iliyo kati ya mawe. Bloku zenye mwanya hazifai, heri sakafu ya zege. Puliza vumbi lote kwenye tobo kabla ya kuingiza bolti, kwa sababu vumbi hufanya ganda lizunguke badala ya kutanuka. Kwenye ghorofa, hakikisha kwanza nyaya na mabomba hayapiti hapo, na mwenye nyumba awe amekubali. Usifunge kwenye ubao wa kabati la jikoni au la nguo. Mwizi atang'oa ubao na sefu pamoja. Risasi ziwe na kisanduku chao chenye kufuli. Msimu wa mvua ndefu, Machi hadi Mei, weka pakiti ya silika jeli ndani, hasa sefu yenye jasi, kwa kuwa jasi hutoa unyevu na mtutu hushika kutu.

Kama tayari umelipa na mzigo haujafika, usiongeze shilingi ya "kutoa mzigo bandarini". Hakuna mzigo. Peleka ujumbe wa muamala wa M-Pesa kwa 456 saa hiyo hiyo kuomba pesa zirudishwe, na nambari ya tapeli iripoti kwa 333. Kila dakika ina maana, kwa sababu akishazitoa njia hiyo imefungika. Piga picha za skrini za tangazo na mazungumzo kabla hajakublock.

Kama imefika na ni bati, usiichimbie ukutani kwa hasira ya kusema heri nusu shari. Piga picha ikiwa juu ya mizani na kalipa ikiwa kwenye tobo, na mwandikie muuzaji kwamba bidhaa hailingani na maelezo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa ilingane na maelezo yake, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo. Yale maandishi ya risiti kwamba mali ikiuzwa hairudi hayamlindi aliyekuuzia uongo.

Na kama ulimtumia picha ya leseni au lokesheni, hilo ndilo la kwanza, kabla ya pesa. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu, andikisha, upewe nambari ya OB, kisha uiarifu ofisi ya leseni yako ukiwa na nambari hiyo mkononi. Silaha isilale kwenye sanduku hilo hata usiku mmoja. Uliza hapo hapo kituoni au kwenye ofisi ya leseni utaihifadhi wapi kihalali hadi sefu ya kweli ifungwe, na fundi wa huyo muuzaji akipiga simu kwamba anakuja "kumalizia kazi", asipite getini.