Mbegu za matikiti kwa mashamba ya Usangu na Pawaga: ulizia ganda kwanza

Malalamiko niliyopokea msimu huu kutoka kwa wasomaji wanaolima Rujewa, Ubaruku na Pawaga yanafanana mno: matikiti yalikuwa makubwa, mekundu na matamu, lakini sehemu kubwa ya mzigo ilipasuka kabla ya kushushwa sokoni, na dalali akakata bei ya mzigo wote. Utamu, ukubwa na siku za kukomaa sitavizungumzia, kwa sababu muuzaji wa mbegu atakueleza hayo hata kabla hujamuuliza. Asilolitaja ni ganda. Tikiti la Pawaga liendalo Dar es Salaam hurushwarushwa barabarani hadi Iringa mjini, kisha huteremka mlima Kitonga likiwa limelaliwa na mengine, na la Usangu hupandishwa soko la Mwanjelwa, Mbeya, au huendelea mpaka Tunduma.

Udhaifu wa ganda hurithiwa. Tangu miaka ya 1930 wataalamu wa uzalishaji wa mbegu wanaifahamu jeni (chembe ya urithi) ambayo, mmea ukiipata kutoka kwa wazazi wote wawili, hufanya ganda kuwa jembamba na lenye kuvunjika upesi, kiasi kwamba ukiligusa kwa ncha ya kisu ufa hukimbia wenyewe. Jeni ya ganda gumu huitawala hiyo, kwa hiyo chotara, yaani zao la wazazi wa aina mbili tofauti, mwenye mzazi mmoja wa ganda gumu hubeba mzigo vizuri hata kama mzazi wa pili ana ganda dhaifu. Tatizo huanza pale mtu anapokausha mbegu za chotara huyo na kuzipanda, kwa kuwa takriban robo ya mimea itarudia ganda la kupasuka. Umbo nalo hufuata kanuni inayokaribiana na hiyo: mzazi mrefu akichanganywa na wa mviringo hutoa matunda ya umbo la yai, na kizazi kinachofuata hugawanyika kuwa robo marefu, nusu ya umbo la yai na robo ya mviringo. Ukikuta Mwanjelwa rundo la shamba moja lenye maumbo yote matatu, kuna uwezekano mkubwa kwamba mbegu yake ilitolewa kwenye tikiti lililokwisha kuliwa.

Ni kweli pia kwamba shamba lililokauka kisha likafurikishwa siku ya zamu ya maji ya mfereji litapasua hata tikiti zuri, lakini mwenye mbegu ya ganda gumu hupoteza machache.

Kati ya aina za mbegu, nafasi ya kwanza naipa Sukari F1 (F1 ni alama ya chotara), na sifichi kwamba naipendelea. Matunda yake ni marefu kiasi, yana mistari ambayo wateja wa mjini wameizoea, hupangika kwenye gari bila kubiringika, na kwa niliyoyaona ganda lake huvumilia safari kuliko mengi yanayouzwa kwa bei hiyohiyo.

Ya pili ni Charleston Gray, iliyotolewa mwaka 1954 huko South Carolina, Marekani, na mtaalamu C. F. Andrus, aliyekusudia tikiti lenye kustahimili magonjwa ya mnyauko fuzari na chule na lenye ganda la kusafiri mbali. Rangi yake ya kijani kilichopauka hulipunguzia kuungua na jua, jambo lenye maana kubwa kwa joto la Usangu, ingawa wachuuzi wengine hulikwepa wakidai kwamba wateja hulidhani bichi. Hii si chotara, hivyo unaweza kutunza mbegu zake mwenyewe, ilimradi jirani yako hajapanda aina nyingine ambayo nyuki wataichanganya na yako.

Crimson Sweet, iliyotoka Kansas mwaka 1963, naiweka ya tatu. Ni tamu kweli, lakini umbo lake la mviringo hubiringika na kugongana. Inafaa kwa atakayeuza karibu na shamba. Sugar Baby ni ya bei ndogo, hukomaa mapema, na matunda yake ni madogo. Sina zaidi la kusema juu yake.

Tikiti lisilo na mbegu ninalishauri kwa wachache sana. Lina kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) 33 badala ya 22 za kawaida, ndiyo maana haliwezi kukomaza mbegu, na shambani ni lazima upande pia aina ya kawaida ili ilitolee chavua. Maana yake ni kwamba unanunua mbegu mara mbili, huku ile ya kwanza ikiwa ghali na ngumu kuota.

Na hapa ndipo ninapokasirishwa na baadhi ya maduka ya pembejeo. Mwenye duka hufungua kopo la chotara mbele ya wateja, hupima mbegu kwa kijiko kidogo na kuzifunga kwenye karatasi ya daftari, kisha msimu mzima kopo lilelile haliishi. Mkulima akidai lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, huambiwa ilibaki kwenye kopo, na akidai risiti yenye jina la aina na namba ya shehena huonekana mkorofi. Bei nayo hupanda pindi maji yanapofunguliwa kwenye mifereji, wakati mbegu ni zilezile zilizokaa rafuni tangu masika. Nunua kopo au pakiti iliyofungwa kiwandani, hata kama itabidi mchange watu watatu, na likishafunguliwa mgawane wenyewe shambani.