Gari la Mtumba la Kwenda Mtumba: Lipi Kwanza, Lipi Mwisho

Tangu nihamie Dodoma, swali ninaloulizwa ofisini kuliko lolote, ukiacha lile la mshahara umeingia au bado, ni "kaka, nichukue gari gani?" Muulizaji kwa kawaida amepanga Ilazo au Nkuhungu, amechoka kugombania daladala ya Mtumba, kwenye mji wa serikali, saa kumi na mbili asubuhi, ana milioni 12 au 15 za mkopo, na rangi ameshaichagua. Injini haijui. Mwaka wa gari haujui. Ila anataka namba E.

Basi tuanze na hiyo namba. Herufi kwenye pleti inasema gari lilisajiliwa lini Tanzania, haisemi lilitengenezwa lini. Gari la 2004 lililoshuka bandarini hivi karibuni linavaa namba E kifua mbele, wakati la 2006 lililolelewa na mwalimu mmoja wa Kondoa lina namba C na madalali wanalipita kama hawalioni. Namba ya maana ni ile iliyogongwa kwenye bodi na kuandikwa kwenye kadi: namba ya chesisi. Kwa Toyota zilizotoka Japani, herufi za mwanzo za namba hiyo zinataja familia ya injini. Ukiiingiza yote kwenye tovuti ya kiwanda, inakuambia kama gari hilo liliwahi kuitwa lirudi kurekebishwa.

Huku kuitwa ndiko wengine wanakokuita rikoli. Kampuni inagundua kwamba magari ya miaka fulani yalitoka na kasoro, inatangaza, inarekebisha bure. Tatizo letu ni kwamba barua ya wito ilikwenda kwa mwenye gari wa kwanza kule Nagoya au Osaka, na gari likapanda meli. Wewe wa Kizota barua hukuipata.

Wito mkubwa kuliko yote katika historia ya magari ni wa mifuko ya hewa ya Takata, eabegi kwa lugha ya gereji. Ndani ya mfuko kuna kichupa cha chuma chenye baruti ya amonia naitreti. Miaka inavyokwenda, joto na unyevu vinaiharibu baruti ile. Siku ya ajali inalipuka kwa nguvu kupita kiasi, kichupa kinapasuka, na vipande vya chuma vinamrukia dereva usoni na shingoni. Mfuko uliowekwa ukuokoe ndio unaokuua, na ajali yenyewe huenda ilikuwa ya kugongana kidogo tu kwenye foleni. Vichupa takriban milioni 100 viliitwa duniani, kwenye Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru, Mitsubishi na wengine, na Takata yenyewe ikatangaza kufilisika Juni 2017. Mei 2015 Toyota peke yake iliita karibu magari milioni 5, yakiwemo Corolla na Vitz za kati ya Machi 2003 na Novemba 2007. Hiyo ndiyo miaka inayouzwa hapa mjini kwa bajeti niliyoitaja.

Dodoma ni kukavu, na baruti ile unyevu ndio unaoimaliza zaidi. Usijipe moyo kwa hilo. Gari nyingi zinazouzwa hapa zimeishi Dar au Tanga miaka kumi kwanza, na joto la kuegesha juani kutwa nzima pale Mtumba nalo halisaidii. Kuna jambo moja linaloipa namba E heshima kidogo: mwaka 2018 Japani ilianza kuyanyima cheti cha ukaguzi magari yenye vichupa vya hatari ambavyo havijabadilishwa. Lililotoka kule baada ya hapo lina nafasi nzuri zaidi ya kuwa limeshashughulikiwa. Nafasi nzuri si uhakika.

Jinsi ya kuhakikisha: tovuti ya Toyota ya Japani ina ukurasa wa kuingiza namba ya chesisi. Ni wa Kijapani, acha simu itafsiri. Usihangaike na ule wa Marekani, maana unataka namba yenye tarakimu na herufi 17, na magari ya soko la Japani hayana namba ya namna hiyo. Kisha fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo pale mlango unapojifungia. Gari lililorekebishwa kule huwekwa kistika kidogo chenye namba ya wito. Likishapigwa rangi upya kistika hupotea, kwa hiyo kutokukiona si hukumu, lakini kukiona kunapunguza maswali.

Halafu kuna taa ya eabegi. Washa swichi bila kuwasha injini. Taa inapaswa kuwaka kwa sekunde kama sita, kisha izime yenyewe. Mwaka juzi nilimsindikiza jirani kuangalia gari kwenye yadi moja. Taa iliwaka vizuri, ikazima vizuri, jirani akatabasamu. Fundi tuliyekuja naye hakutabasamu. Alizima, akawasha tena, akatuonyesha kidole: taa ya eabegi na ya oili zinazima kwa pamoja, sekunde ile ile, injini inapowaka. Alipoingiza mkono nyuma ya dashibodi akakuta kiwaya chembamba chekundu kimefungwa na gundi ya karatasi. Taa ya eabegi ilikuwa imeungwa kwenye ya oili. Usukani ulikuwa na kifuniko tu, ndani mfuko hakuna. Muuzaji alisema hata yeye anashangaa.

Sasa mpangilio wangu, kwa mtu wa kazini asubuhi na nyumbani jioni, na Singida au Gairo mwisho wa mwezi.

La kwanza: Premio au Allion ya 2001 hadi 2007, lakini ile tu ambayo chesisi yake inaanza na NZT240. Hiyo ni injini ya 1NZ, ya 1.5, yenye cheni badala ya mkanda wa taimingi, na kila fundi kuanzia Chang'ombe hadi Kongwa ameifungua na kuifunga. Spea zake zinapatikana hata Jumapili. Ikianza na ZZT240 ni 1.8 ya 1ZZ, na hapo kaa chonjo: wenye nazo wengi, hasa za mwanzo wa miaka ya 2000, wanalalamika kwamba zinakula oili, kwa sababu ringi za oili kwenye pistoni huziba na kushindwa kukwangua. AZT240 ni 2.0 ya D-4, nitakuja kwake chini. Magari matatu, umbo moja, bei zinakaribiana, na dalali atakuambia "zote Premio tu hizi". Malalamiko ya kweli juu ya NZT ni kwamba iko chini. Ukiwa umejenga Nala au Iyumbu ndani ndani, bomba la ekzosi litajua kila jiwe kwa jina.

Kwa mtu wa barabara za namna hiyo ningebadilisha nafasi na la pili: Ist ya 2002 hadi 2007. NCP61 ni injini ile ile ya 1NZ, NCP60 ni 1.3. Inaruka ruka ukiwa peke yako, na wanaoitumia Dodoma wanabadilisha bushi na stabilaiza linki kama wanavyobadilisha vocha. Ni ghali kidogo kuliko inavyostahili kwa sababu kila mtu anaitaka. Ile ya kizazi cha pili, ya kuanzia 2007, ni nzuri zaidi ndani, lakini ina kesi ya swichi ya vioo.

Kesi hiyo inahitaji aya yake, maana inahusu vumbi, na vumbi ndilo letu. Oktoba 2012 Toyota iliita magari milioni 7.43 duniani, Vitz, Ist, Belta, Ractis, Auris na RAV4 yakiwemo, kwa sababu swichi kuu ya vioo kwenye mlango wa dereva haikupakwa grisi sawasawa. Inakuwa nzito, inasagika, inapata moto, inatoa moshi. Oktoba 2015 ikaita mengine milioni 6.5 kwa swichi ya dereva pia, safari hii ya 2005 hadi 2010. Sasa mtazame dereva wa hapa mwezi wa tisa: kioo chini kwa sababu AC haina gesi, lori linapita, kioo juu, vumbi tayari limeshaingia kwenye swichi. Ikianza kukwama anakwenda gereji, fundi anapuliza WD-40. Hicho ndicho kitu ambacho Toyota yenyewe ilionya kisifanywe, kwa kuwa mafuta ya kupuliza yanaweza kuyeyusha swichi na kuwasha moto. Kwenye ukaguzi bonyeza kila kioo mara tano. Swichi ikiwa nzito au plastiki yake ina harufu ya kuungua, dai ibadilishwe nzima kabla ya kulipa.

La tatu ni Vitz ya 2005 hadi 2010, SCP90 ya 1.3. Ndogo, haili mafuta, na ina eabegi na swichi katika orodha zote mbili nilizotaja, kwa hiyo bila kuhakiki chesisi usiiguse. Ile ya 1.0, KSP90, mjini safi. Kupanda nayo milima ya Kondoa mkiwa watano na magunia ni kuitesa.

RAV4 ya 2000 hadi 2005, ile inayoitwa mtaani Kili Time, naiweka ya nne na najua nitagombana na watu. Inafaa barabara zetu kuliko zote nilizotaja. Shida ni injini: ZCA ni 1.8 ile ile ya 1ZZ inayokula oili, na ACA ya Japani ni 2.0 ya D-4. Ukiipata ZCA, acha injini iungurume bila kusogea dakika kumi, kisha mtu akanyage mafuta ghafla nawe usimame nyuma. Moshi wa bluu, shika njia. Ile ya 2006 kuendelea imepita bajeti, ila kama ndugu anakuuzia, jua kwamba Agosti 2012 Marekani ziliitwa kwa sababu ya mikono ya sapensheni ya nyuma: nati isipokazwa vizuri baada ya kupanga tairi (alaimenti), nyuzi zake zinashika kutu na mkono unaweza kukatika. Kwa hiyo uliza nani alipanga tairi mara ya mwisho.

Nissan X-Trail ya T30, ile ya kizazi cha kwanza, ni ya tano. Ina nafasi, ina uso wa kiume, na bei yake inashawishi kwa sababu wenye nazo wanataka kuziuza. Oili inakula, na sensa za krenki na kamshafti zinapochoka injini inazimika ikiwa ya moto, mahali kama Kibaigwa, saa nane mchana.

La mwisho kabisa ni chochote chenye D-4: Noah ya AZR60, Wish ya ANE, Premio ya AZT. Injini hizi zinapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Petroli haioshi valvu, kaboni inajikusanya, na pampu yake ya presha kubwa inataka petroli safi. Petroli ya kidumu ya njiani kwenda Mpwapwa si safi. Zinapokuwa nzima zinakimbia vizuri sana, na hapo ndipo zinapouzwa.

Jambo moja la stelingi. Novemba 2012 Toyota iliita magari milioni 2.77, Corolla na Prius zikiwemo, kwa sababu ya shafti ya kati ya stelingi iliyotengenezwa laini mno na kulika meno. Gari likiwa limesimama, kata usukani hadi mwisho kushoto, hadi mwisho kulia. Ukisikia kitu kinagonga chini ya miguu yako, usikubali kuambiwa ni tairodi kabla fundi hajailaza mikono kwenye shafti yenyewe.

Na fundi awe wako. Mlipe siku yake nzima, mpeleke na mashine ya kupimia, asiwe yule anayesubiri kamisheni kutoka kwa dalali. Mkitaka kulijaribu gari, msizunguke Area C tu. Toka Nanenane, piga barabara ya Dar hadi Ihumwa, rudi, zima, kaa robo saa, washa tena likiwa la moto. Kabla ya yote hayo, hata kabla ya kuuliza bei ya mwisho, mtumie muuzaji ujumbe: "Naomba picha ya namba ya chesisi." Akijibu kwa picha nyingine kumi za rimu, umeshajibiwa.