Hansel na Gretel wanaokatwa vichwa: kitabu cha kusomea watoto kwa sauti

Mtoto wa Mwanza aliyemsikia bibi akisimulia Shing'weng'we, lile zimwi la Wasukuma lililomeza watu wote mpaka Masala Kulangwa akalipasua tumbo, hatashangazwa na A Tale Dark & Grimm cha Adam Gidwitz. Kitabu hiki kilitoka Marekani mwaka 2010. Kinawachukua Hansel na Gretel na kuwapitisha katika ngano kadhaa za ndugu Grimm, wakusanyaji wa hadithi wa Ujerumani, zikawa safari moja.

Sura ya kwanza ndiyo bora kuliko zote. Mfalme anawakata vichwa wanawe mapacha, Hansel na Gretel, ili mtumishi wake Johannes, aliyegeuka jiwe, apate uhai tena. Kisha vichwa vinarudishwa, watoto wanafufuka, watu wazima wanafurahi. Kwa Grimm yameisha. Gidwitz anawageukia watoto wenyewe: wao je, walijisikiaje? Wanatoroka kwenda kutafuta wazazi wasioua watoto, na ndivyo wanavyofika kwenye ile nyumba ya msituni iliyojengwa kwa vyakula. Sababu hiyo inauma kuliko ile tuliyoizoea, ya mama wa kambo anayetaka watoto watelekezwe msituni (ambaye naye aliingizwa baadaye: katika toleo la Grimm la 1812 alikuwa mama mzazi, akabadilishwa mwaka 1840).

Msimulizi hukatiza hadithi kila mara. Anaonya damu inakuja, anataka wadogo watolewe chumbani. Hiyo ni kazi ya fanani mbele ya hadhira, na ndiyo maana kitabu hiki kikisomwa kimyakimya kinapoteza nusu ya utamu wake. Mwanafunzi wa darasa la sita anayefundishwa kwa Kiswahili hatamudu Kiingereza chake peke yake. Mwalimu akisome kwanza nyumbani, kisha asimulie kwa Kiswahili. Aanze na "Hadithi, hadithi!" na kila onyo aligeuze swali: tuendelee, tusiendelee? Mizaha isitafsiriwe neno kwa neno, inakufa. Atunge yake pale pale.

Kuweni waangalifu na saa. Kipindi cha dakika 40 hakitoshi sura ya kwanza, na kosa baya ni kengele kulia vichwa vikiwa chini. Gaweni mapema: siku ya kwanza iishie Johannes anapogeuka jiwe, ya pili ibebe upanga na ufufuo kwa pamoja.

Gretel anapojikata kidole ili kiwe ufunguo wa kuwafikia ndugu saba waliogeuzwa mbayuwayu, someni polepole bila kuongeza damu, iliyoandikwa inatosha. Sura ya kijana mzuri wa sura anayeua wasichana ningeiacha mpaka darasa la saba, tena kwa kutenga muda wa mazungumzo baadaye, maana wasichana watauliza maswali ya kweli kuhusu wanaume wenye maneno matamu. Hansel pia anashuka jehanamu. Waelezeni wazazi kabla, wa kanisani na wa msikitini, ili wasiipate habari nusunusu kutoka kwa watoto.

Sura za joka mwishoni ndizo dhaifu: vita vinavutwa mno, na msimulizi ameanza kujirudia. Zifupisheni bila huruma, ila msiguse sura ya mwisho, ya watoto na wazazi wao.

Vilivyofuata, In a Glass Grimmly cha 2012 na The Grimm Conclusion cha 2013, vina wahusika wengine, kwa hiyo yeyote anaweza kuanza na chochote atakachokipata.