TAHADHARI: Jamaa anayeuza matairi "mapya" ya magari ya rimoti, kumbe ni ya zamani yaliyobandikwa upya

Wakuu, salamu. Hii ni kwa wenye malori ya rimoti, ya skeli ya 1/8 na 1/10 (udogo wake ukilinganisha na gari la kweli), mnaonunua matairi kwa wauzaji wa mtandaoni hapa Dar. Kuna jamaa anauza seti za matairi manne yaliyokwisha kubandikwa kwenye ringi. Anasema ni mapya, yana mkanda ndani wa kuzuia raba isitanuke, wewe unafunga nati tu unaingia uwanjani. Si mapya, mkanda hayana, na ringi zake zimeshatumika zikachoka kwenye magari ya watu wengine. Jina la ukurasa wake halina maana kuliandika kwa sababu hakai nalo. Nitaeleza mzigo wake ulivyo, umtambue hata akija kwa jina jingine.

Seti niliyochukua ni ya ringi za inchi 3.8 zenye heksi, yaani tundu la kona sita linalokaa kwenye ekseli, ya milimita 17, saizi ya monsta traki nyingi za 1/8. Bei 180,000. Ililetwa na boda, imefungwa vizuri kwenye nailoni, raba inang'aa. Mng'ao ule ni wa dawa wanayopaka waosha magari kwenye matairi ya magari ya kweli. Raba mpya kutoka kiwandani huwa na utelezi kidogo, ni mabaki ya dawa ya kwenye kalibu, lakini haiachi mafuta meusi kidoleni. Hii iliacha.

Gari lilianza kutetemeka hata kabla ya kushika kasi. Nikaliweka juu ya kopo, magurudumu yakiwa hewani, nikavuta rimoti taratibu: gurudumu la nyuma kulia linapwaya waziwazi, ukingo wa ringi unaenda ndani na nje. Ekseli ilikuwa nzima, kwa sababu matairi yangu ya zamani yalizunguka palepale bila shida. Ringi yenyewe ndiyo imepinda. Na ringi ya plastiki haipindi dukani. Mara nyingi inapinda pale mtu anapoichemsha au kuitia kwenye oveni ili supagluu ya zamani iachie, akazidisha moto.

Gurudumu la pili likaachia siku hiyohiyo. Gari lilikuwa kwenye kasi, betri ya 4S (seli nne), tairi likachomoka ukingo wa nje na kubaki linapigapiga bodi. Bodi ilichanika upande mzima. Bahati nzuri watoto waliokuwa wanaangalia walikuwa nyuma yetu, maana ringi tupu inayozunguka kwa kasi hiyo, au tairi likiruka, si mchezo.

Nyumbani nikalifumua lote. Ukingo wa nje ulikuwa na supagluu kama sehemu nne tu, ukingo wa ndani, ule usioonekana gurudumu likiwa limefungwa, haukuwa na gluu kabisa zaidi ya maganda ya zamani. Tairi la kubandika linatakiwa lishikwe pande zote mbili, mzunguko mzima. Kwenye mfereji wa ringi kulikuwa na vipande vya raba ya rangi tofauti na tairi lililokuwepo, yaani ringi hiyo ilishavaa tairi jingine kabla. Ndani, badala ya sponji ya duara inayokaa sawasawa, kulikuwa na vipande vya godoro vilivyokatwa kwa mkasi, vizito, vinanuka maji. Sponji ya aina hiyo inanyonya maji kupitia matundu ya hewa na haikauki, na uzito unakaa upande mmoja. Hapo hata ungekuwa na mashine ya balansi usingefanikiwa.

Kilichonikasirisha zaidi ni heksi. Ringi ambayo nati yake iliachwa ikilegea huwa inaliwa zile kona sita mpaka tundu linakaribia kuwa duara, ekseli inazunguka ringi imesimama. Hiyo ni ringi ya kutupa. Jamaa anajaza araldaiti kwenye tundu, anasubiri ikauke, anachonga kona upya, halafu anapiga rangi nyeusi. Ukitazama kwa haraka huoni. Niliweka ncha ya bisibisi pembeni ya tundu nikabinya kidogo, ganda likabanduka zima, chini yake plastiki ya kijivu iliyosagika.

Sasa alikuwa anazipata wapi? Kwenye tangazo lake anasema "lete ya zamani, tukupunguzie". Watu wanampelekea seti zilizochoka na kuongeza hela juu. Mshkaji mmoja tunayeendesha naye alipoona ile ringi yangu iliyofumuliwa akaichukua mkononi, akageuza, akaangalia upande wa ndani chini ya rangi: herufi "KN" kwa maka pen. Kushoto nyuma. Ni mwandiko wake, huwa anaandika hivyo ili matairi yenye meno ya kuelekea upande mmoja asiyafunge kinyume. Hiyo ringi aliipeleka kwa huyo jamaa kama takataka, na aliambiwa inaenda kusagwa.

Nilipomwandikia, majibu yake yalikuwa haya: "Boss wangu utakuwa umekaza sana nati." Baadaye: "4S ni kubwa kwa hizo tairi." Ni kweli kabisa kwamba tairi lisilo na mkanda likipewa kasi kubwa linavimba katikati na kuwa jembamba kama sahani iliyosimama, na gluu inavutwa. Ndiyo sababu watu tunalipa zaidi kupata ya mkanda. Yeye aliuza kwa bei ya mkanda. Nilipomtumia picha ya godoro, akaniblok.

Kwa hiyo ukitaka kununua matairi yaliyobandikwa kwa muuzaji yeyote usiyemjua, omba video, si picha. Akunjue ukingo wa raba kwa dole gumba, mzunguko mzima, nje na ndani. Gluu nzuri ni mstari mwembamba usiokatika, haina uvimbe wa njano wala unga mweupe uliotapakaa. Abinye katikati ya tairi na kulivuta: la mkanda linagoma kutanuka. Aoneshe tundu la heksi kwa karibu na apitishe kucha humo. Aliyenacho atafanya dakika moja. Huyu wetu aliniambia simu yake kamera mbovu, na picha zote za tangazo ni kali ajabu.

Na saizi uliza mwenyewe kwa namba. Anapenda kusema "zinaingia gari zote". Hakuna kitu hicho. Nyingi za 1/10 ni heksi ya milimita 12, za 1/8 ni 17, monsta traki kubwa ya X-Maxx ni 24. Wenye modeli za Slash, Stampede au Rustler za kusukumwa na magurudumu ya nyuma tu, ringi zenu za mbele hukaa kwenye beringi, hazitumii heksi, kwa hiyo seti ya ringi nne zinazofanana itawagomea mbele.

Tukiwa bado hapo: ukipata mzigo halali, funga nati, endesha kidogo, rudi ukaze tena. Nati ndogo za 1/10 zenye nailoni ndani, ukiona inazunguka kwa vidole bila spana, badilisha. Nati ni hela ndogo kuliko ringi.

Upande wa malipo, namba anayotoa ni ya kawaida, si lipa namba, na jina linalotokea kabla ya kuthibitisha halikufanana kati yangu na wenzangu. Mmoja wetu alitumiwa namba ya tatu baada ya kukubaliana bei. Jina likiwa geni, acha hapohapo. Kama pesa imeshaenda, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako haraka kabla haijatolewa, na namba yenyewe itume kwenda 15040. Mwenye risiti na mzigo mkononi anaweza pia kuupeleka Tume ya Ushindani, FCC, hasa kama raba ina nembo ya kampuni kubwa ambayo unaishuku.

Juzi nimeona ukurasa mpya wenye picha zilezile: matairi manne juu ya zulia jekundu, pembeni kuna mguu wa kiti cha plastiki cheupe. Bei ameshusha mpaka 150,000, na bado anapokea ya zamani.