Chesisi ya gari la rimoti: kabla ya kaboni, tibu usukani unaocheza

Tangu mvua zikatike, malalamiko mnayonitumia yanafanana karibu yote. Mmoja wa Iringa amefunga chesisi ya kaboni, gari bado linatangatanga kwenye lami. Kijana wa Uyole kabadilisha mota, kaweka springi ngumu, alumini ya bluu kila kona, ila gari likipewa moto linavuta upande. Wote mnauliza swali moja: ninunue nini tena?

Mwendo na betri siviongelei, hivyo muuzaji yeyote atakuimbia bila kuulizwa. Mimi naongelea mchezo wa usukani, yaani ulegevu kwenye viungo vyake, ugonjwa usioonekana kwenye picha ya tangazo. Weka gari mezani. Washa rimoti, kisha gari, ili sevo, yaani mota ndogo inayogeuza tairi za mbele, ishike. Kamata tairi mbili za mbele kwa vidole, zisukume taratibu kushoto na kulia, macho yakiwa kwenye mkono wa sevo. Tairi zikitembea milimita mbili tatu na mkono umetulia tu, hata ungepima alaimenti (pembe za tairi) kwa rula ya mhandisi unajisumbua. Pua za matairi umezipanga ziangalie ndani kidogo. Gari likishaondoka zinaangalia zinakotaka.

Wengi wenu mna Tamiya TT-02, chesisi iliyotoka 2013. Pale mchezo unaanzia kwenye kinga ya sevo iliyokuja ndani ya boksi, kile kipande kinachoikinga sevo tairi zikigonga kitu; ni plastiki laini inayojikunja kabla ya kuvuta. Halafu kuna mikono ya usukani, nayo inazunguka bila beringi.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza naipa kinga ngumu ya sevo ya Tamiya, namba 51000. Ni kitu cha kufumbata kiganjani na hakuna atakayekusifia ukikifunga, lakini hakuna kipuri kingine kinacholipa hivyo kwa pesa hiyo. Na nikisema ya Tamiya namaanisha Tamiya. Ndiyo, nawapendelea hao Wajapani wa Shizuoka, wala sifichi: sehemu zao zinakaa bila kuchonga tundu upya. Pesa ikibaki, ongeza seti ya usukani inayokaa kwenye beringi.

Ya pili ni beringi za gari zima. TT-02 ya kawaida huja na bushi, yaani vipete visivyo na gololi, na vumbi letu la Mbeya likishaingia kwenye bushi linaila taratibu mpaka tairi inayumba kwenye ekseli. Hapo umerudishiwa mchezo uleule kwa mlango wa nyuma. Nyingi zinazohitajika ni 5x11x4, yaani tundu la milimita 5, kipenyo cha nje 11, unene 4. Chukua zenye kifuniko cha mpira. Za kifuniko cha bati huzunguka kwa wepesi zaidi, na kwenye zulia la mashindano ya wenzetu ni sawa, lakini huku vumbi linapenya.

Tatu, shokapu za mafuta. Zile za kwenye boksi la bei ya chini hazina mafuta, ni springi na msuguano basi, na kwenye lami yenye viraka gari linadundadunda hadi tairi zinaachana na barabara. CVA, shokapu za mafuta za Tamiya, zinatosha kabisa. Asubuhi ya Julai hapa Mbeya mafuta yanakuwa mazito, kwa hiyo anza na mepesi kuliko unayoshauriwa na watu wa Dar. Tumbo la gari usilishushe chini ya milimita 8. Ile 5 mnayoiona kwenye video ni ya uwanja uliofagiwa.

Difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa tairi za kushoto na kulia, utaziweka sawa kwa grisi: nzito mbele, nyepesi nyuma. Hilo halihitaji mwongozo.

Kaboni na alumini naziweka mwisho kabisa. Beseni la plastiki la TT-02 linakinga uchafu kutoka chini, na likigonga ukingo wa barabara linajikunja na kurudi. Mkono wa alumini ukipinda umepinda, na utapanga alaimenti juu ya kitu kilichopinda.

Kwa wenye bajeti ndogo, Sakura, chesisi ya kampuni ya 3Racing, inaendeshwa vizuri kama una subira ya kutafuta vipuri. Kopi zisizo na jina zipo, na bei yake mnaijua.

Ila wauzaji, jamani! Beringi za 5x11x4 ukiziulizia kwa saizi unapewa bei moja. Ukitamka tu “za gari la rimoti”, zilezile zinahamia kwenye kifuko cha nailoni chenye karatasi ya rangi na bei inapaa. Juu yake unawekewa nauli ya mzigo kutoka Dar kana kwamba kipuri kimekata siti yake peke yake, wakati kilikuja kwenye boksi moja na oda za watu wengine. Yuko mmoja, simtaji, picha yake inaonyesha alumini yenye maandishi ya Tamiya, ukifungua mzigo maandishi hayapo. Ukimpigia anasema picha ni ya mfano tu. Basi na pesa niliyotuma ningeandika ni ya mfano.